HP EliteBook 840 G3 baada ya Windows 10: ESU, Windows 11 ya kulazimisha, Mint au Flex?

Gati_la_Data
Wakuu, habari za humu. Windows 10 ilikatiwa masasisho ya kawaida tarehe 14 Oktoba 2025, na kwenye maduka ya mitumba mashine za kizazi cha 6 bado zimejaa rafuni. Naomba tulinganishe kwa mashine moja halisi, tusiongelee hewani: HP EliteBook 840 G3, i5-6300U, RAM 8GB, SSD 256GB, Windows 10 Pro 22H2. Ziko 12, za ofisi. Tatu zinaendesha Tally (programu ya uhasibu) na zinachapia Canon LBP2900. Tisa zilizobaki ni kivinjari, Word na Excel za kawaida. Intaneti ni bando la simu. Njia ni nne: ESU (masasisho ya usalama ya ziada ya Microsoft kwa Windows 10), Windows 11 ya kulazimisha, au kuhamia mfumo mwingine, yaani Linux Mint au ChromeOS Flex ya Google. Kila mmoja aeleze njia anayoijua na hasa inakwamia wapi.

FundiMtaa
Mkuu, nianze na Windows 11 ya kulazimisha, kwa sababu ndiyo inayopigwa mtaani kila siku bila mteja kuambiwa anachopewa.

Wengi wanadhani kikwazo cha 840 G3 ni TPM (chipu ya usalama). Nyingi zilitoka na TPM 1.2, na HP ilitoa programu ya kuipandisha hadi 2.0. Fundi anapandisha, anajaribu tena, anagonga mwamba palepale. Kinachokataliwa ni prosesa. Kwa Intel, Microsoft inaanzia kizazi cha 8 (ukiacha chipu chache mno za nyuma yake), kwa AMD ni Ryzen 2000. i5-6300U haimo, hata uipe TPM gani.

Ukitaka kuipiga juu ya Windows 10 bila kupoteza mafaili na programu, tumia Rufus (programu ya kuandaa flashi ya kusakinishia) 4.6 au ya juu zaidi. Flashi iwe ya 8GB kwenda juu. Chagua ISO (faili la kusakinishia Windows 11), bonyeza Start, na dirisha likitokea weka tiki kwenye kipengele cha kuondoa masharti ya RAM, Secure Boot na TPM. Usibuti kutoka kwenye flashi. Ingia Windows 10 kama kawaida, fungua flashi, endesha setup.exe. ISO ni nzito, kwa hiyo ishushe mara moja na flashi hiyohiyo izunguke mashine zote 12.

Kabla ya hapo simamisha BitLocker (kufuli la diski la Windows) kama imewashwa, na funguo yake ya tarakimu 48 iandikwe karatasini. Acha angalau 30GB wazi kwenye C, maana Windows ya zamani inahifadhiwa kwenye Windows.old na una siku 10 tu za kurudi nyuma.

Inavyokwama: masasisho ya usalama ya kila mwezi kwa kawaida yanaingia, lakini toleo jipya la mwaka haliji lenyewe. 24H2 ya Home na Pro inaisha Oktoba 2026, 25H2 Oktoba 2027. Kila toleo likifika unarudi na flashi, mashine moja baada ya nyingine, na Microsoft imeshasema haitoi dhamana kwa mashine zisizotimiza masharti. Nyumbani kwa mtu mmoja sawa. Kwenye ofisi yenye hesabu za watu sishauri.

MhasibuPC
Upande wa ESU kuna jambo linalopotosha sana. Bei ya dola 30 inayotajwa kila mahali ni ya mtumiaji wa nyumbani. Inakufikisha tarehe 13 Oktoba 2026, leseni moja inatosha hadi mashine 10 za akaunti moja ya Microsoft, na kuna njia ya bure: kusawazisha mipangilio ya mashine kwenye akaunti kupitia Windows Backup. Kwa mwenye bando, zima Documents, Pictures na Desktop, acha mipangilio peke yake. Usipozizima, picha zinaanza kupanda OneDrive, zinakula bando na kujaza ile 5GB ya bure.

Kiungo cha kujiunga kinatokea Settings, kisha Update & Security, kisha Windows Update. Kisipotokea, andika winver: lazima isome 22H2, build 19045. Halafu hakikisha sasisho la Agosti 2025, KB5063709, limeingia, kwa sababu kabla yake dirisha la kujiunga lilikuwa linajifunga lenyewe. Akaunti iwe na mamlaka ya administrator. Mashine iliyoungwa kwenye domain (mtandao wa ofisi unaosimamiwa na seva) inakataliwa.

Sasa mkuu, zako ni za ofisi, na mpango huo haukutengenezwa kwa biashara. Bei ya biashara ni dola 61 kwa mashine mwaka wa kwanza, 122 wa pili, 244 wa tatu. Ukichelewa ukajiunga mwaka wa pili, unalipa na wa kwanza. Miaka mitatu ni dola 427 kwa mashine moja, na hapo chuma ni kilekile cha mwaka 2016. Hizo tatu za Tally nisingezilipia hata mwaka mmoja. Uza, ongezea, chukua kizazi cha 8.

kaskazi77
Naungana na MhasibuPC, ila kwenye kununua kuna mtego. Wengi wanaenda dukani wakiomba "840 G5" wakiamini jina ni kinga. 840 G5 ilitoka pia na chipu za kizazi cha 7, mfano i5-7300U. Ganda ni lile lile, stika inabadilishika. Usisome stika. Washa mashine, fungua msinfo32, soma mstari wa Processor. Kwa chipu za umri huu, tarakimu ya kwanza baada ya i5- ndiyo kizazi: i5-8250U au i5-8350U, lipa. i5-7300U, rudisha mezani.

Kisha fungua tpm.msc, Specification Version isome 2.0. Mwisho rudi msinfo32, BIOS Mode isome UEFI. Ikisoma Legacy si mwisho wa dunia, ila diski itahitaji kugeuzwa kuwa GPT (mpangilio mpya wa diski) kwa amri ya mbr2gpt kabla ya Windows 11, na hiyo ni sababu nzuri ya kushusha bei.

Flex nitaisema kwa ufupi. ChromeOS Flex inataka RAM 4GB na diski 16GB, inapigwa kwa dakika chache, na kwa kazi ya kivinjari pekee ni nyepesi. Lakini haiendeshi programu za Android, na karibu kila kitu kinategemea akaunti ya Google na mtandao. Kwa ofisi ya bando, siku bando likikata kazi imesimama.

Bi_Terminali
Hizo tisa ni za Linux Mint, na 840 G3 ni katika mashine zinazoipokea vizuri. Mint 22 inasaidiwa hadi 2029, ISO ni kama 3GB, na RAM 8GB inabeba Cinnamon (muonekano wake mkuu) bila kuhema. Mwenye 4GB achukue Xfce, muonekano mwepesi zaidi.

Msianze kwa kufomati. Andika ISO kwenye flashi, washa HP huku ukigonga F9, buti kutoka kwenye flashi, na Mint itafunguka bila kugusa diski. Pima hapo hapo: Wi-Fi, sauti, kamera, kufunika na kufunua mfuniko. Kisoma alama za vidole mara nyingi hakitambuliwi, mkubaliane mapema na watumiaji wake.

Printa ndizo zinazovunja watu moyo, si mfumo. Epson za tangi kama L3250 zinakubali. HP LaserJet P1102 inatambulika, ila haichapi mpaka uendeshe `hp-plugin` kwenye terminali na kupakua kijalizo chake, kwa hiyo bando liwepo siku hiyo. Canon LBP2900 hiyo yenu inatumia lugha ya CAPT, na draiva ya Canon kwa Linux ni ya zamani, inasumbua kuiweka na ikikwama inakwama katikati ya kazi. Iacheni kwenye mashine za Tally, wale tisa watoe PDF na kuipeleka huko.

Excel: LibreOffice inafungua xlsx za kawaida vizuri. Faili lenye makro za VBA lijaribiwe moja moja kabla ya kuhama, kwa sababu makro nyingi hazifanyi kazi na nyingine zinatoa jibu nusunusu, ambalo ni baya zaidi.

Gati_la_Data
Ahsanteni sana. Tatu za Tally zitabadilishwa na kizazi cha 8, tisa ziende Mint. Kwa wiki za mwanzo nataka Windows 10 ibaki pembeni kwenye hizo tisa, isiyoingia mtandaoni, kwa ajili ya mafaili ya zamani. Kuna la kuangalia?

Bi_Terminali
Mawili. Kwanza, ndani ya Windows fungua CMD (dirisha la amri) kama administrator, andika `powercfg /h off`, kisha zima mashine kabisa. Usipofanya hivyo Windows haizimiki kweli, inalala, na Mint itaifungua diski ya Windows kwa kusoma tu. Mtu atahariri faili, ataambiwa halihifadhiki, atadhani diski imekufa.

Pili ni saa. Mint inaweka saa ya ubao kwa UTC, Windows inaisoma kama saa ya hapa, nasi tuko UTC+3. Ukitoka Mint saa 6 mchana, Windows mara nyingi itaonyesha saa 3 asubuhi, na kwa kuwa umeikatia mtandao haitajirekebisha. Mafaili utakayohifadhi humo yatapata muda wa uongo. Kwenye Mint andika mara moja:

`timedatectl set-local-rtc 1`

Siku ukiiondoa Windows, irudishe kwa kuandika 0 badala ya 1.

FundiMtaa
Niongeze hapo: saa ikiendelea kupotea hata baada ya amri hiyo, na mashine ikichomolewa inarudi tarehe ya miaka ya nyuma, hiyo si Mint wala Windows. Ni betri ndogo ya CMOS ndani ya ganda. Fungua mfuniko wa chini, pima kwa mita, ikisoma chini ya volti 2.7 weka mpya. Kwa mashine za umri huo ni vizuri kuipima kabisa siku unapofungua kuongeza RAM.