Kitabu cha kumsomea Bibi

Kikundi: UKOO WA NGAMIANI

Ijumaa usiku

Mama Idi: Assalaam alaykum nyote. Naomba ushauri. Jana saa saba usiku nimemkuta Idi ndani ya chandarua na tochi ya simu, anasoma. Nikafurahi, nikajua ni Biolojia. Kumbe kitabu cha wachawi! Mtoto wa kidato cha pili, mtihani mwezi wa kumi na moja. Nimekiweka juu ya kabati. Sasa nimrudishie au nikae nacho?

Shangazi Mwanahawa: Waalaykum salaam wifi. Kitabu gani? Nipigie picha jalada.

Mama Idi: (picha)

Idi: Shikamooni wote. Shangazi, si cha uchawi wa kuroga watu. Ni A Wizard of Earthsea, cha Ursula K. Le Guin, wa 1968. Kuna mvulana anaitwa Ged, wa visiwani, alikuwa anachunga mbuzi. Anapelekwa shule ya kusomea majina. Kila kitu kina jina lake la kweli, ukilijua unakitawala. Hata watu wanafichana majina yao.

Shangazi Mwanahawa: Marahaba mwanangu. Kumbe umekielewa.

Mjomba Salim: Dada, hicho mrudishie. Mimi nimekisoma hapa Muscat lindoni, usiku tatu tu. Ni kitabu cha bahari kuliko cha uchawi. Huyo kijana anasafiri kwa mashua kisiwa hadi kisiwa, na mwandishi anajua upepo na tanga. Sisi watu wa Tanga tutampenda. Tena ngozi yake ya maji ya kunde, imeandikwa wazi. Mtoto wetu anajiona mle ndani.

Mama Idi: Salim, hata wewe? Mimi nauliza habari ya majini na mizimu, unaniambia mashua.

Shangazi Mwanahawa: Wifi, nisikilize. Pale katikati Ged anashindana na mwenzake shuleni. Kwa kutaka kuonekana yeye ndiye mjuzi, anaita roho ya mtu aliyekufa. Panapasuka ufa, kinatoka kivuli, kinamrarua uso. Kitabu chote kilichobaki ni yeye na kile kivuli. Hakuna mahali anasifiwa. Ni kiburi cha dakika moja, analipa miaka. Ungemsimulia wewe mwenyewe Idi hadithi kama hiyo angekuwa na miaka mitano.

Idi: Shangazi usimalizie mwisho, sijafika!

Shangazi Mwanahawa: Simalizii.

Mama Idi: Haya. Nimekishusha. Lakini saa nne taa zimezimwa.

Idi: Ahsante mama. Ila shangazi, kinachoniuma ni kwamba vya namna hii kwa Kiswahili hakuna. Shuleni tunasoma mtu katoka kijijini kaja mjini kaharibikiwa, basi. Sayari hakuna, vyombo vya anga hakuna.

Ami Hamza: Nani kasema hakuna?

Ami Hamza: Ngoja nimalize kula, narudi.

Dada Rehema: Mjomba Hamza akisema hivyo tujiandae 😄

Ami Hamza: Nimerudi. Idi, andika jina hili: Walenisi. Mwandishi Katama Mkangi, Mkenya wa huku Pwani, kitabu cha 1995. Mtu anaitwa Dzombo. Dola imemhukumu kufa, lakini hawamnyongi. Wanamfungia ndani ya chombo wanamrusha angani akafie huko. Kumbe chombo kinamfikisha kwenye sayari nyingine, na watu wa sayari ile wanaishi bila kunyonyana. Sasa lisome jina la sayari polepole.

Idi: Wa-le-ni-si

Idi: Wale ni sisi!!

Ami Hamza: Ehe. Mimi nilikisoma Mombasa nikiwa kijana wa bandarini, nikalikata jina vipande kama ulivyofanya, mwili ukasisimka. Na ujue aliyekiandika alikuwa mhadhiri wa Chuo Kikuu cha Nairobi, na miaka ya 1980 serikali ya wakati ule ilimweka kizuizini. Habari ya mtu kufungiwa kwenye chombo hakuitoa mbali.

Dada Rehema: Mjomba, nakiheshimu kitabu, lakini nitasema ukweli wangu. Nusu ya kwanza sikukiweka chini. Akishafika kule, kila anayekutana naye anamweleza mfumo wao. Wanaeleza, wanaeleza. Nilitamani Dzombo apotee njia, aharibu kitu, apende mtu vibaya, chochote.

Ami Hamza: Mtu aliyetoka kizuizini ana mengi ya kusema, Rehema.

Dada Rehema: Najua. Ndiyo maana nilikimaliza. Lakini kwa kijana wa miaka 15 ningeanza na Binti.

Mama Idi: Binti wa nani?

Dada Rehema: Ndilo jina la kitabu, mkaza mjomba. Na ndilo jina la msichana mwenyewe. Kimeandikwa na Nnedi Okorafor, Mmarekani ambaye wazazi wake ni Waigbo wa Nigeria. Kilitoka 2015, kikachukua tuzo ya Nebula na ya Hugo, zile kubwa za hadithi za kisayansi. Binti ni Mhimba, wale wa Namibia wanaojipaka udongo mwekundu. Hesabu anazijua mno, anapata nafasi chuo kikuu cha sayari nyingine. Kwao hakuna aliyewahi kwenda. Anatoroka alfajiri bila kuaga.

Mama Idi: Bila kumuaga mama yake?

Dada Rehema: Bila. Na hilo linamsumbua safari nzima. Mimi nilikisoma wiki niliyohamia Dar kuanza kazi, nikalia kwenye daladala. Anabeba udongo wa kwao ndani ya kichupa, anajipaka kule angani mbele ya watu wanaomcheka nywele. Baadaye udongo huohuo ndio unaookoa maisha. Tena chombo chao cha anga si cha chuma, ni mnyama hai, umbo lake kama kamba.

Idi: Kamba huyu wa kula?

Dada Rehema: Huyohuyo wa soko la samaki la Deep Sea, ila mkubwa kama mtaa. Watu wanakaa ndani yake anaogelea angani.

Idi: Nakitaka.

Dada Rehema: Changu ni cha Kiingereza, chembamba, hakifiki kurasa mia. Nitakupa Idd nikija. Mkaza mjomba nikuonye mapema: mwanzoni kuna mauaji mengi ndani ya chombo. Hayaelezwi kwa kufurahiwa, lakini yapo.

Mama Idi: Ahsante kwa kuniambia. Hivyo ndivyo nitakavyo, niambiwe.

Mjomba Salim: Na mimi nina langu. Mnajua kwamba safari ya kwanza maarufu ya Jules Verne inaanzia Unguja? Wiki Tano Ndani ya Puto, 1863. Huyu Mfaransa ndiye watu wanamwita baba wa riwaya za kisayansi. Wazungu watatu wanaruka na puto la gesi kutoka Zanzibar, wanavuka bara zima mpaka Senegal. Nilipoliona neno Zanzibar kwenye ukurasa, nipo hapa Muscat peke yangu saa nane za usiku, nilisimama.

Ami Hamza: Salim, hicho nakijua. Umefika pale Kazeh?

Mjomba Salim: Nimefika.

Ami Hamza: Waambie basi.

Mjomba Salim: Puto linashuka Kazeh, ndiyo hiyo Tabora. Watu wanadhani ni mwezi umeshuka, na wale wazungu ni watoto wa mwezi. Baadaye mwezi wa kweli unachomoza, wanagundua, zinakuwa mbio.

Ami Hamza: Tabora! Mji wa misafara, wafanyabiashara wa Kiarabu na wa Kinyamwezi wamekaa pale, watu wanaojua bei ya pembe mpaka pwani. Wasijue mwezi? Aliyeandika hakuwahi kutia mguu Afrika hii, alikaa na vitabu vya wasafiri. Mimi kitabu hicho kilinikera na bado kinanikera. Kwa nini tumpe mtoto?

Mjomba Salim: Kwa sababu ya puto, shemeji. Jinsi anavyopiga hesabu ya gesi, uzito wa maji, wakitaka kupanda wanatupa nini. Idi anapenda Fizikia.

Shangazi Mwanahawa: Hamza ana haki ya kukereka, na Salim ana haki juu ya puto. Idi atakisoma, lakini si sasa wala si peke yake. Akifika Kazeh anipigie simu tuzungumze. Mtoto akikutana na habari kama ile bila mkubwa wa kumuuliza, inamkaa.

Ami Hamza: Hapo nakubali.

Idi: Shangazi na wewe unapendekeza kipi? Mwalimu mzima umekaa unaamua kesi tu.

Shangazi Mwanahawa: Nimefundisha Kiswahili miaka 31, nitakuambia lililo moyoni. Watakuja watu wakupe Nagona ya Kezilahabi, 1990, na Mzingile, 1991. Ni vitabu vikubwa. Mtu anaingia mji ulionyamaza, hujui kama ni ndoto au ni baada ya kiama. Mimi Nagona nilikiacha mara mbili, mara ya tatu nikakimaliza, nikakaa barazani sisemi na mtu. Lakini subiri ufike miaka 20.

Dada Rehema: Mama, kile Babu Alipofufuka je? Cha Said Ahmed Mohamed.

Shangazi Mwanahawa: Kizuri, 2001. Babu anatoka kaburini kumwonyesha mjukuu fisadi nchi aliyoiharibu. Akifika kidato cha nne kitamfaa. Kwa sasa Idi, rudi hapohapo Tanga kwenu. Shaaban Robert kazaliwa Vibambani mwaka 1909, ukipanda bodaboda unafika. Kusadikika, 1951: nchi iko hewani, mtu anashitakiwa kwa kutaka watu wasome sheria, anajitetea kwa kuwasimulia safari za wajumbe sita, mmoja alipelekwa mpaka mbinguni na mmoja akashushwa ardhini. Hiyo si ajabu? Watu wanaisomesha kama somo la uraia, wanaondoa ile hewa. Mimi mwenyewe nilifanya kosa hilo darasani miaka mingi. Nilikuwa nauliza "taja maudhui" kabla mtoto hajashangaa.

Idi: Sisi tumeambiwa tukariri wahusika.

Shangazi Mwanahawa: Ndiyo hayo.

Mama Idi: Samahani nawakatiza. Bibi yuko hapa pembeni ananiuliza mnacheka nini. Nimemwambia mnazungumza hadithi. Anasema na yeye anataka. Tangu mtoto wa jicho alipomzidi hata msahafu anausikiliza redioni, jioni anakaa tu kitandani anahesabu sauti za pikipiki.

Dada Rehema: Jamani Bibi 😢

Ami Hamza: Si Idi yupo hapo? Amsomee.

Idi: Nimsomee Binti kwa Kiingereza?

Shangazi Mwanahawa: Hapana. Adili na Nduguze. Kipo ndani ya sanduku langu la bati, chumba cha nyuma, nimeacha huko. Kidogo, cha 1952. Wifi, hiki hata wewe utakaa usikilize: kina majini, ndiyo, lakini linalowaadhibu wale watu ni husuda yao.

Mjomba Salim: Na mjirekodi mtutume sauti humu. Mimi nitasikiliza lindoni.

Mama Idi: Kesho baada ya isha, inshallah. Kimya sasa watu walale.

Jumamosi usiku

Idi: (sauti, dakika 11)

Idi: (sauti, dakika 9)

Dada Rehema: Nasikiliza nikipiga pasi. Idi, usikimbie! Weka nukta.

Idi: Kiswahili chake kigumu dada. Kuna sentensi nimerudia mara tatu.

Shangazi Mwanahawa: Umesoma vizuri. Akiandika kwa mizani vile, sauti inataka kupumzika katikati. Utazoea.

Mjomba Salim: Nimefika pale mjumbe wa mfalme anachungulia usiku. Liwali Adili, mtu mpole, mchana kutwa anahukumu kwa haki, usiku anashuka na mjeledi anawachapa manyani wawili huku yeye mwenyewe analia. Kisha anawalisha. Kwa nini??? Nimeshindwa kunywa chai.

Ami Hamza: Subiri kesho, Salim. Na wewe usitafute mtandaoni.

Mama Idi: Nasema ukweli, nilikuja kukaa dakika mbili nihakikishe, nimekaa mpaka mwisho. Lakini kuna jambo. Bibi kamkatiza Idi.

Shangazi Mwanahawa: Kasemaje?

Mama Idi: Kasema, "Manyani? Hawakuwa manyani. Walikuwa mbwa."

Dada Rehema: Mbwa gani tena?

Idi: Nikamwambia Bibi, kitabu kimeandika manyani. Akasema kitabu kimekosea. Eti yeye kasimuliwa na bibi yake Pangani, kabla hajavunja ungo: liwali wa Basra anaitwa Abdalla, anawachapa mbwa wawili kila usiku, na hao mbwa ni kaka zake. Hajawahi kukisikia kitabu hiki maishani, lakini kataja kaka zake kabla mimi sijafika huko! Nimefunua mbele. KWELI NI NDUGU ZAKE.

Mjomba Salim: Idi!!! Umenimalizia!

Idi: Samahani mjomba 🙏

Shangazi Mwanahawa: Subhanallah. Mama hajakosea. Hiyo ni hadithi ya Alfu Lela u Lela, Abdalla bin Fadhil wa Basra, na mfalme wake ni Harun Rashid. Shaaban Robert aliichukua, akaiondoa Basra, akaipeleka nchi yake ya kubuni, akawageuza mbwa kuwa manyani. Nimelifundisha hili darasani. Sikujua kwamba mama yangu anayo kichwani miaka yote hii. Sikuwahi kumuuliza.

Ami Hamza: Mimi pia hakuwahi kunisimulia hiyo. Alikuwa anatupa za sungura tu.

Mama Idi: Nimemuuliza. Anasema nyie mlikuwa waoga, ya mbwa ni ya usiku.

Dada Rehema: Mkaza mjomba tafadhali kesho Idi asisome. Asimulie Bibi. Nzima, na mbwa wake.

Idi: Nishamuomba. Kasema Shaaban Robert kwanza amalizike, asikie alivyoiharibu, ndipo atupe ya kwake.

Shangazi Mwanahawa: Wifi, nakuja Tanga Jumatano na basi la asubuhi. Msimwache aanze kabla sijafika.

Mama Idi: Karibu. Anasema uje na ubuyu, na ukae karibu na mlango, maana ulikuwa mwoga kuliko wote.