Klachi inateleza mlimani, gia zinagoma kijiweni: pleti tupu, seti nzima au hausingi mpya?

MpandaSoni
Wakuu, habari za mihangaiko. Nina pikipiki ya cc 125, injini ya muundo wa CG (ule wa Honda CG125). Ipo kwenye mkataba, imebaki miezi minne iwe yangu. Ruti yangu ni Mombo kwenda Lushoto, kilomita 33 hivi, na anayeijua anajua ni kona na mlima mwanzo mwisho. Kupanda nabeba abiria na mizigo ya duka, kushuka nabeba kabichi na karoti.

Tatizo ni hili. Nikishaanza kuipandisha kuelekea Soni, mji mdogo ulioko njiani, navuta mafuta, injini inalia kweli kweli lakini mwendo hauongezeki, na harufu ya kuungua naisikia. Hilo moja. La pili, nikisimama kijiweni nyutro siipati mpaka nizime injini. Nikiingiza gia ya kwanza inapiga "ka!" na chombo kinataka kuondoka huku klachi nimeishika mpaka mwisho.

Nimezunguka kwa mafundi watatu. Wa kwanza anasema nibadili pleti za klachi tu. Wa pili anasema seti nzima, pleti za msuguano, za chuma na springi. Wa tatu anataka ninunue klachi nzima pamoja na hausingi yake, ile bakuli yenye vidole inayoshika pleti. Bei zimepishana kama mbingu na ardhi, na tajiri anataka hesabu yake kila jioni. Nishike ya nani?

Kijiwe_Namba3
Kaza kebo tu mkuu. Usiliwe hela.

FundiMkwaju
Asikaze kwanza! Klachi inayoteleza ukiikaza kebo ndiyo unaimalizia. Kebo ikikosa uchezaji, pleti hazibanani sawasawa, zinasuguana muda wote. Mkuu MpandaSoni, kabla ya kutoa senti nijibu matatu. Ncha ya mkono wa klachi inacheza kiasi gani kabla haijaanza kuwa ngumu? Inatakiwa milimita 10 mpaka 20. Umeweka oili gani, na lini? Halafu mkono wenyewe ni mlaini au mgumu kuliko zamani?

Nauliza kwa sababu una magonjwa mawili yanayopingana. Kuteleza maana yake pleti hazishikani. Nyutro kugoma na pikipiki kutaka kuondoka maana yake haziachiani. Klachi moja kufanya yote mawili si jambo la kebo peke yake.

MpandaSoni
Fundi, inacheza kama upana wa kidole. Oili ni ya kupima, nanunua pale sheli, ina wiki tatu. Mkono ni mgumu, tena tangu mwezi wa pili fundi alipoifungua akasema "ameiongezea nguvu". Vidole vinakufa ganzi nikifika Lushoto.

FundiMkwaju
Basi nimeshajua alichofanya. Ameweka washa, vile viduara vya chuma, chini ya springi.

WundanyiRider
Haha, hiyo hata huku Taita, Kenya, iko. Mimi hupanda kutoka Mwatate hadi Wundanyi kila siku, nimefanyiwa hiyo mara mbili. Klachi hushika vizuri wiki mbili tatu, kisha kebo inakatika, ukiweka nyingine nayo inakatika. Washa zinafinya springi, kwa hivyo pleti zilizoisha zinajifanya nzima. Bro, hiyo ni kuficha ugonjwa.

Kuhusu oili, angalia kwa kopo kama kuna maandishi JASO MA au MA2, hiyo ni alama ya oili ya pikipiki zenye klachi ya kuogelea. Klachi ya pikipiki zetu inaogelea ndani ya oili ileile ya injini, si kama ya gari iliyo kavu. Kuna oili za gari zimewekwa dawa ya kulainisha ili zipunguze ulaji wa mafuta, sasa hiyo dawa ikifika kwa pleti inazifanya ziteleze. Ya kupima hujui ni nini umepewa. JASO MB nayo ni ya skuta, achana nayo.

Kijiwe_Namba3
Mimi miaka sita naweka oili ya kupima na klachi haijawahi kusumbua. Siri ni kuibadilisha mapema.

DadaPikipiki
Unafanyia kazi wapi kaka? Mjini tambarare hata maji ya uvuguvugu yatakupeleka. Mwenzio anapanda Usambara na gunia.

MpandaSoni, jaribu hivi bure kabla hujafungua. Washa, shika breki zote mbili, weka gia ya tatu, achia klachi taratibu. Klachi nzima itaua injini palepale. Ikiendelea kuunguruma, inateleza, hakuna mjadala. Halafu isimamishe kwenye stendi kubwa, gia ya kwanza, shika klachi. Tairi la nyuma kuzunguka kidogo si kosa, oili inalivuta. Lakini ukikanyaga breki lisimame kirahisi. Likipigana na breki, pleti haziachii.

MpandaSoni
Nimejaribu zote mbili leo asubuhi. Injini haikufa. Tairi limepigana na breki mpaka injini ikazima. Kesho inafunguliwa, tajiri nimemwambia nina homa.

MpandaSoni
Wakuu, imefunguliwa. Washa nane chini ya springi nne! Fundi Mkwaju heshima yako. Pleti za msuguano zimebaki nyembamba na zinanuka. Za chuma mbili zimekuwa za bluu. Kwenye vidole vya hausingi kuna mikato, ukipitisha ukucha unanasa. Sasa narudi kwenye swali langu.

FundiMkwaju
Sasa tunaongea. Anayekuuzia pleti za msuguano tupu anakurudisha kwake baada ya mwezi. Chuma kilichokuwa bluu kimepata moto, na kikipata moto kinapinda. Kilaze juu ya kioo cha dirisha, jaribu kupenyeza filagezi (kibati cha kupimia nafasi) ya milimita 0.2 pembeni. Ikipita, tupa. Pleti iliyopinda ndiyo inayogusa wenzake hata ukishika klachi, ndiyo maana nyutro inagoma. Za msuguano, kwa injini za aina hiyo mpya ni karibu milimita 3, zikishuka 2.6 zimekwisha. Springi zisimamishe mezani pembeni ya mpya. Zikiwa fupi, majibu umepata.

Kwa hiyo kati ya pleti tupu na seti, mimi ni seti. Pleti tupu ningekubali kama za chuma zingekuwa nyeupe na nyoofu.

WundanyiRider
Na hausingi? Mimi ningeweka mpya. Meno ya pleti yanaingia kwa ile mikato yanakwama, utaweka seti ya maana na gia bado zitagoma.

FundiMkwaju
Inategemea kina. Kama ni ukucha tu, piga msasa na tupa ndogo mpaka pawe laini, utakula nayo mwaka. Kama mkato unaingia ncha ya bisibisi, usipige tupa. Utapanua nafasi, pleti zitakuwa zinagonga kwa nguvu zaidi, na mikato itarudi haraka kuliko mwanzo. Hapo nunua. Ila mtu wa mkataba wa miezi minne simwambii anunue hausingi ya mikato ya ukucha.

Mambo matatu usikubali fundi ayaruke. Pleti mpya ziloweke kwenye oili safi kabla ya kufunga, zikifungwa kavu zinaungua siku ya kwanza. Boliti za springi zikazwe kwa msalaba, kidogo kidogo. Na maadamu kava limetoka, safisha kile kikombe cha chujio mwisho wa krenki, utashangaa uji uliomo.

DadaPikipiki
Na kebo mpya, tafadhali. Ile imevutwa na washa nane.

MpandaSoni
Nimechukua seti, kebo, gasketi na kopo la oili lenye MA2. Hausingi imepigwa msasa, mikato ilikuwa ya ukucha. Kikombe kilikuwa na tope kama la mto. Leo nimepanda na abiria na gunia la sukari, gia ya pili mpaka Soni, haijateleza. Mkono mlaini kama wa skuta. Nyutro naipata na injini ikiwa inaunguruma.

Limebaki moja. Nikishuka, gia ya tatu inachomoka yenyewe nikiachia mafuta.

FundiMkwaju
Hiyo si klachi. Unashuka nyutro ili kuokoa mafuta, halafu kwenye kona unaipachika gia kwa nguvu?

MpandaSoni
...Fundi, unaishi Soni?

FundiMkwaju
Meno ya pembeni ya gia yameliwa, au uma unaosukuma gia umepinda. Hapo injini inapasuliwa katikati, si kazi ya kava. Kwanza angalia pedeli ya gia isiwe inagusa kava na meno yake ya shafti yasiwe yamelika, hilo ni la dakika tano. Kama si hilo, shuka na gia ya pili, acha injini ikushike, na anza kuweka akiba kabla mkataba haujaisha.