Amemeza dawa ya kichocho, mayai bado yapo

Ziwani: Mvuvi wa dagaa Ukerewe, kilo 75, alikutwa na mayai ya kichocho cha tumbo kwenye choo. Akapewa vidonge 3 vya prazikwanteli vya mg 600. Wiki ya nne sasa, tumbo linasokota, choo kina damu na mayai bado yanaonekana. Dawa imegoma au kaambukizwa upya?

Mfamasia: Piga hesabu kwanza. Dozi ni mg 40 kwa kila kilo, mara moja. Kilo 75 ni mg 3000, yaani vidonge 5. Huyo kapata mg 24 kwa kilo, kwa hiyo dawa haina kosa. Arudie dozi kamili akiwa ameshiba: tumbo likiwa tupu, kichefuchefu huzidi na dawa inayoingia kwenye damu hupungua. Asitafune, ni chungu mno, atatapika.

Maabara_Mza: Maambukizi mapya hayaelekei. Tangu vijidudu vitoboe ngozi majini hadi minyoo itage, kwa kawaida hupita wiki tano hadi saba. Mayai haya ni ya minyoo iliyosalimika, au iliyokuwa michanga siku ya dawa: prazikwanteli huua iliyokomaa, michanga huikosa. Ndiyo maana hata baada ya vidonge 5, apime tena wiki ya sita hadi ya nane. Leteni choo cha siku mbili tatu tofauti. Slaidi moja ya Kato-Katz, kipimo cha kuhesabu mayai ya minyoo kwa hadubini, hubeba mg 41.7 tu za choo. Mayai yakiwa machache unaandika "hakuna" na mtu anaumwa.

Daktari wa zamu: Mpapase chini ya mbavu za kushoto. Wengu likiwa limevimba, apigwe ultrasaundi. Mayai yanayonasa kwenye ini huacha makovu, damu inakosa njia, mishipa ya umio inavimba. Akitapika damu au kutoa choo cheusi kama lami, hospitali saa hiyohiyo. Dawa huua minyoo, lakini makovu ya zamani yanaweza kubaki.

Ziwani: Nimeelewa, 5. Ila ndugu zake wanasema huwa anaanguka kifafa.

Daktari wa zamu: Basi msimpe kituoni hapo. Kama ana vifuko vya tegu wa nguruwe kwenye ubongo, prazikwanteli ikiviua ubongo huvimba na degedege huzidi. Apewe rufaa, apigwe CT ya kichwa kwanza. Kama vipo, atameza chini ya uangalizi wodini, pamoja na dawa za kuzuia uvimbe na degedege.