Ubingwa wa Betis wa 1934/35 haukuwa wa kubahatisha, na misimu ya kabla ya vita isifutwe

Wakuu, heshima kwenu.

Nafungua uzi huu nikiwa na hasira. Nimemsikiliza mchambuzi wa redio moja, mtu anayelipwa ili aujue mpira, akisema hewani kwamba Betis, klabu ya jiji la Sevilla, haijawahi kutwaa ubingwa wa Hispania. Msikilizaji alipopiga simu kumkumbusha msimu wa 1934/35, mchambuzi huyo hakuisahihisha kauli yake, bali alidai kwamba ligi ya wakati ule ilikuwa ya timu chache na ya kubahatisha, kwa hiyo haihesabiki. Humu jukwaani nako wapo walioichukua hoja hiyo na kuanza kubandika majedwali ya mabingwa yanayoanzia mwaka 1940, baada ya vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Hispania.

Kama misimu ile haihesabiki, basi isihesabiwe kwa timu zote. Kuanzia 1929 hadi 1936 ilichezwa misimu 8: Barcelona ilichukua wa kwanza, Madrid ikachukua wa 1932 na wa 1933, na Athletic ya Bilbao ikachukua minne, ambayo ni nusu ya mataji yote 8 iliyonayo mpaka leo. Sijamsikia mchambuzi hata mmoja akiipunguzia Madrid mataji mawili wala akiinyang'anya Barcelona lile la 1929. Wanaoambiwa ubingwa wao ni wa zamani mno ni Betis peke yao, kwa sababu hawana mwingine wa kuwatetea.

Sasa tuutazame msimu wenyewe, maana wanaoudharau hawajawahi kuusoma. Ligi ilikuwa imetoka tu kuongezwa kutoka timu 10 hadi 12, kwa hiyo kila timu ilicheza mechi 22, na ushindi ulikuwa na pointi mbili. Betis ilishinda mechi 15, ikatoka sare 4 na kupoteza 3, ikamaliza na pointi 34 dhidi ya 33 za Madrid. Katika mechi zote hizo 22 iliruhusu mabao 19 tu, katika zama ambazo washambuliaji walikuwa wakizichana nyavu ovyo. Miaka minne tu nyuma Athletic ilikuwa imeifunga Barcelona 12-1, na Oviedo ilikuwa na Isidro Lángara, aliyekuwa mfungaji bora wa ligi misimu mitatu mfululizo, ukiwemo huu tunaouzungumzia. Madrid nao langoni walikuwa na Ricardo Zamora. Ndio wapinzani ambao mchambuzi wetu anawaona si kitu.

Ukuta ule ulijengwa na Patrick O'Connell, raia wa Ireland aliyewahi kuwa nahodha wa Manchester United. Alikabidhiwa timu mwaka 1932, Betis ilipopanda daraja na kuwa klabu ya kwanza ya Andalusia, jimbo la kusini mwa Hispania, kucheza ligi kuu, na ndani ya misimu mitatu akaifanya bingwa. Langoni alimweka Urquiaga, mbele yake mabeki Areso na Aedo, na mbele zaidi walikuwepo Larrinoa, Lecue na mfungaji Unamuno, wote Wabaski, watu wa kaskazini mwa Hispania, walioletwa kusini na klabu ambayo haikuwa tajiri. Hiyo ni kazi ya usajili na ya ualimu iliyofanywa kwa miaka, na inaniuma kuisikia ikiitwa bahati na mtu asiyeweza kutaja jina la mchezaji hata mmoja wa kikosi kile.

Ama siku ya mwisho, 28 Aprili 1935, Betis walikwenda Santander wakiwa mbele ya Madrid kwa pointi moja tu, kucheza ugenini na Racing, timu ambayo O'Connell mwenyewe aliwahi kuifundisha kwa miaka mingi. Timu ya kubahatisha ingetetemeka siku hiyo, lakini Betis waliifunga Racing 5-0. Miezi miwili baadaye Sevilla, majirani na mahasimu wao, wakatwaa Kombe la Hispania, na jiji moja la kusini likawa limebeba mataji yote mawili makubwa ya nchi. Mwaka wa namna hiyo unafutwaje katika historia ya mpira wa Hispania?

Ninajua wanakoipata dhana yao. Wanaitazama Betis iliyokuja baadaye na kuhukumu kwa hiyo. Baada tu ya ubingwa O'Connell na Areso walikwenda Barcelona, na Lecue akaenda Madrid. Mwaka uliofuata, Julai 1936, vita vya wenyewe kwa wenyewe vikaanza, ligi ikasimama misimu mitatu, na iliporejea Betis ilishuka daraja mara moja. Kati ya 1947 na 1954 ilikuwa daraja la tatu. Timu iliyovunjwa kwa kununuliwa wachezaji na kisha kukumbwa na vita haiwezi kutumiwa kama ushahidi dhidi ya ile iliyoshinda uwanjani. O'Connell naye alifariki London mwaka 1959 akiwa fukara, na kaburi lake lilikaa bila alama yoyote hadi 2016. Amekwisha kupuuzwa vya kutosha.

Kwa hiyo ninaomba mambo mawili. Wanaobandika majedwali humu wayarekebishe yaanzie 1929, na katika mstari wa 1934/35 liandikwe jina la Betis bila nyota wala maelezo ya kuupunguza ubingwa huo. Na yeyote anayeshikilia kwamba ulikuwa wa bahati, aje hapa na hesabu ya mechi zile 22, aonyeshe ni ipi kati ya 15 walizoshinda ambayo Betis hawakustahili.