Tupeane uzoefu: Kubomoa ndani ya nyumba Dodoma, fundi mlimpataje na mlijiandaaje?

Wakuu, habari za leo. Nimenunua nyumba ya zamani Area C, zile za enzi za CDA, iliyokuwa mamlaka ya kustawisha makao makuu. Vyumba vidogo, jiko kama kibanda cha mlinzi. Nataka ukuta wa sebule na jiko utoke, dari itolewe, vigae vya bafuni ving'olewe. Mafundi watatu wamekuja, kila mmoja na bei yake, na hakuna hata mmoja aliyepanda darini. Waliopita njia hii, karibuni.

Mdau wa Kisasa
Mkuu, asiyepanda darini mwache aende zake. Wangu kabla ya kutaja bei aliomba ngazi. Akakuta kenchi, yaani mbao zinazobeba paa, zimekalia ukuta uleule niliotaka utoke. Akachimbua plasta juu ya mlango kwa tindo, akanionyesha lenta, ule mkanda wa zege juu ya milango na madirisha, inavyopita. Akasema huu hautoki hivihivi: tusimamishe mirunda, yaani nguzo za miti za kushikilia paa, pande zote mbili, tukate nafasi, tumwage boriti ya zege yenye nondo, ikomae, ndipo ukuta wa chini yake ubomolewe. Zege hupimwa nguvu yake kwa siku 28, lakini vijana walitaka kung'oa mirunda baada ya wiki wakaitumie saiti nyingine. Nilikataa. Hapa tuko kwenye bonde la ufa, ardhi ikitikisika kidogo tu nyumba ndiyo inayojibu.

Mama wa Nkuhungu
Mimi niwaambie habari ya kifusi. Tulikubaliana bei ya kubomoa, kazi ikaenda vizuri, siku ya malipo fundi ananiambia, "Mama, kifusi siyo kazi yangu." Kimelala mbele ya geti, gari haliingii, mwenyekiti wa mtaa keshapita mara mbili. Jirani alikuwa anajazia msingi, akabeba vipande vya tofali na zege bure. Jipsamu, mbao na takataka nyingine nikakodi Kenta. Kwa hiyo andikeni kwenye makubaliano: nani anabeba, anapeleka wapi, kwa gari la nani. Na vitu vinavyotoka ni vya nani! Milango yangu ya mninga ingeondoka na saidia fundi kama nisingeifungia stoo asubuhi ileile.

Fundi umeme, Ipagala
Naongezea. Kuzima meinswichi hakuzimi waya unaotoka kwenye mita kuja kwenye hiyo meinswichi. Ukuta wenye waya huo usiguswe mpaka TANESCO waje. Waya za swichi mara nyingi zinapanda wima kwenda darini, hapo pigeni testa kwanza, tindo baadaye. Upande wa maji, watu wanafunga koki ya DUWASA wanaridhika, wanasahau simtanki. Bomba likikatwa tangi lote linashukia sebuleni.

Mdau wa Makole
Jamani, nyumba za zamani angalieni bati na shiti za dari za kijivu zinazofanana na saruji. Inaweza kuwa asbesto, yale madini ya nyuzinyuzi yaliyokuwa yanachanganywa na saruji. Isipigwe nyundo, isikatwe kwa msumeno, isitobolewe. Vumbi lake huweza kuleta saratani ya mapafu miaka mingi baadaye, na barakoa ya kitambaa haizuii kitu. Waulizeni wanaosimamia mazingira kitaifa utaratibu wa kuiondoa. Nimeona vijana wanaivunja huku wanataniana, inasikitisha.

Mwanzisha mada
Asanteni sana. Hela mnatoa kwa awamu?

Mama wa Nkuhungu
Kwa hatua ya kazi, siyo kwa siku. Na ya mwisho ibaki mkononi mpaka kifusi kiondoke.

Mwanzisha mada
Mdau wa Kisasa, ile boriti alikadiria fundi mwenyewe?

Mdau wa Kisasa
Hapana, mhandisi. Alikuja akapima, akachora karatasi moja tu: upana na kina cha boriti, nondo ngapi za unene gani, ringi za kuzungushia nondo ziachane kiasi gani. Nilimlipa yeye kabla sijanunua hata mfuko mmoja wa saruji, fundi akaibandika karatasi ukutani akaifuata. Nitumie picha za hapo darini kwako nimwonyeshe, yuko Ilazo.