Nataka kuasili mtoto, nipo Mwanza. Nianzie wapi?

Mama Buzuruga (mleta uzi): Wakuu habari zenu. Mimi na mzee tupo Buzuruga, ndoa ya muda mrefu, mtoto hatujajaliwa. Tumekubaliana tuasili. Ni lazima mahakamani, au ukimalizana na mwenyekiti wa mtaa inatosha? Na cheti cha kuzaliwa kinaandikwa majina ya nani? Usingizi sipati.

Ngosha wa Kirumba: Mzee aongeze mke. Uzi ufungwe.

Wifi Nansio: Puuza hao. Mimi nililelewa na mama mkubwa Ukerewe, karatasi hakuna hata moja, na nilipendwa kuliko waliozaliwa mle ndani. Alipofariki, kwenye kikao cha mirathi shemeji akauliza, "Na huyu mgeni anasubiri nini?" Hadi leo kwenye misiba yao siendi.

Mstaafu Ustawi: Mwenyekiti hana mamlaka hayo, dada. Kuna Sheria ya Mtoto ya 2009, na amri ya kuasili inatoka Mahakama Kuu, kanda ipo hapo hapo mjini. Anzia kwa afisa ustawi wa jamii, Manispaa ya Ilemela. Atakuja kwenu, ataangalia mnavyoishi, ataongea na mzee pia. Mwombaji awe na miaka 25 na amzidi mtoto kwa miaka 21. Mzazi akijulikana, ridhaa yake inatakiwa. Malezi ya kambo ni mengine: unakaa na mtoto, ila kisheria hajawa wako. Sasa mbona umekimbilia cheti? Mtoto yupo tayari?

Mama Buzuruga: Nauliza utaratibu tu.

Mstaafu Ustawi: Yupo au hayupo?

Mama Buzuruga: Yupo. Wa kiume, mchanga. Mama yake ni binti aliyekuwa anauza dagaa mwaloni. Nilimpa nauli na kamtaji. Majirani wanajua nimejifungua mimi, na kadi ya kliniki ina jina langu. Msinihukumu, angemtupa yule! Na sikununua, nilisaidia.

Wifi Nansio: Uwiiii. Mungu anakuona.

Ngosha wa Kirumba: Kamtaji shilingi ngapi? Tujue bei.

Mstaafu Ustawi: Wewe nyamaza. Dada, hela ikishapita mkononi kwa ajili ya mtoto, polisi wanaanza kuuliza habari za usafirishaji haramu wa binadamu. Ukienda RITA, kwa wasajili wa vizazi, kuomba cheti na kadi hiyo, unaongeza kosa la taarifa za uongo.

Mama Buzuruga: Wangapi wamefanya hivi na watoto wao wako vyuoni?

Mpekuzi: Ngojeni kidogo. Huyu huyu alifungua uzi akiuliza pampasi za mapacha wake. Chai hii, tena ya maziwa.

Mama Buzuruga: Akaunti natumia na mdogo wangu.

Ngosha wa Kirumba: 😂😂 Mdogo wako ndiye muuza dagaa?

Wifi Nansio: Na mimi nilivyolia hapa kwa ajili ya mirathi yangu!

Mstaafu Ustawi: Chai au si chai, kuna anayesoma kimya na kichanga chake kipo mgongoni. Nenda ustawi na huyo binti, kabla kadi haijazaa cheti.

Mama Buzuruga: Simu yake haipatikani tangu avuke kwenda Sengerema. Nikienda peke yangu wakamchukua mtoto je?

Mpekuzi: Mapacha kwanza. Ni wa nani?