"Bias" kwa Kiswahili: upendeleo, mwelekeo au mwegemeo?

Mfasiri_Tanga
Wakuu, habari zenu. Natafsiri kitini cha takwimu cha mwaka wa kwanza, nimekwama kwenye "bias", yaani hali ya matokeo kuegemea upande mmoja. Mwenzangu anataka "upendeleo" kila mahali. Mimi naona mwanafunzi akisoma "sampuli yenye upendeleo" (sampuli ni wachache wanaochaguliwa kuwakilisha wengi) atadhani kuna mtu kala rushwa. Mnaonaje: upendeleo, mwelekeo au mwegemeo?

Sauti ya Mtaa
Upendeleo. Refa akibeba timu, watu wanasema upendeleo. Kila mtu anaelewa.

Mwl. Takwimu
Ndugu yangu, refa ana nia, sampuli haina. Mwaka 1936 jarida la Literary Digest la Marekani lilituma karatasi za kura ya maoni zipatazo milioni 10, zikarudi zaidi ya milioni 2, likatangaza kwamba Landon atamshinda Roosevelt kwenye uchaguzi wa urais. Roosevelt akachukua majimbo 46 kati ya 48! Si kwamba jarida lilimpenda Landon. Majina mengi yalitoka kwenye orodha za wenye simu na magari, na wakati ule wa mdororo wa uchumi hao ndio waliokuwa na uwezo. Tena waliojisumbua kurudisha karatasi hawakufanana na walionyamaza. Hapo "upendeleo" unapotosha kabisa. "Mwelekeo" nao tunauhitaji kwa data inayopanda au kushuka mwaka hadi mwaka.

Mpenda Kamusi
Asili ya neno inambeba Mwalimu. Waingereza walilipata kwa Wafaransa karne ya 16: "biais", yaani mshazari. Likazoeleka kwenye mchezo wa kuviringisha matufe nyasini. Tufe la mchezo ule si duara kamili, upande mmoja umezidi kidogo. Ukilirusha linaanza kama linanyooka, likipungua kasi ndipo linapinda. Katika tamthilia ya Shakespeare, Richard II, malkia anashauriwa akacheze matufe ajiliwaze, anakataa: mchezo utamkumbusha kwamba bahati yake inakwenda kinyume na "bias". Kwa hiyo kuegemea kulikuwa kwenye umbo la kitu kabla ya kuwa moyoni mwa mtu. Mwegemeo.

Fundi Cherehani
Hata kwetu neno hilo lipo. Ukikata kitambaa mshazari, pembe ya digrii 45 kati ya mtande (nyuzi za urefu) na mshindio (nyuzi za upana), kinavutika. Ndiyo maana utepe wa kupigia shingo ya gauni hukatwa hivyo, unazunguka bila kukunjamana. Mimi ningesema mshazari.

Mfasiri_Tanga
Ahsanteni sana. Fundi, mshazari ni neno zuri, ila mwanafunzi atawaza mstari kwenye grafu. Sampuli na makadirio nitaandika mwegemeo. Upendeleo nauacha kwenye sura ya mtafiti anayechagua majibu yanayomfurahisha.

Mwl. Takwimu
Sawa kabisa. Na kule kwenye wastani wa sampuli andika "kadirio lisilo na mwegemeo" kwa "unbiased estimate", usije ukaweka "la haki".